Cyberpunk yako ya PS4 si ile wanayoisifu: gemu zinaahidi nini na ahadi inavunjikia wapi

Swali la msomaji:

"Habari mtaalamu. Nina PS4 ya kawaida, ile ya mwanzo kabisa. Miezi miwili iliyopita nimenunua Cyberpunk 2077 ya mtumba, CD mbili kwenye kasha, baada ya kusikia kila mtu akisema ilitoka mbovu ila sasa imetengenezwa na ni moto. Kwangu inakwama nikiendesha gari, sura za watu zinakuja na ukungu, na hiyo treni wanayoizungumzia siioni. Nimeuziwa feki? Na kwa nini hawa watengenezaji wanaahidi vitu halafu havipo? Nitajuaje kabla sijatoa hela?"

CD zako si feki, ndugu yangu, na hao wanaoisifu hawakudanganyi. Ila wao na wewe mnazungumzia vitu viwili vyenye jina moja. Cyberpunk inayosifiwa leo ilianzia toleo la 2.0, lililotoka tarehe 21 Septemba 2023. Hilo ndilo lililobadilisha polisi, mfumo wa ujuzi wa mhusika na kupigana ukiwa ndani ya gari. Treni ilikuja baadaye, kwenye toleo la 2.1 la Desemba 2023. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoletwa PS4 wala Xbox One. Mashine hizo ziliachiwa kwenye mfululizo wa 1.6, mwaka 2022, na nyongeza kubwa ya Phantom Liberty nayo haikuzifikia. Kwa hiyo usiitafute treni, haimo.

Bora kabisa unachoweza kupata kwenye PS4 yako ni hiyo 1.6. Angalia kama hata hiyo unayo. Fungua gemu, subiri ukurasa wa mwanzo, soma namba ya toleo. Ukiona inaanza na 1.0, unacheza gemu ya Desemba 2020 kama ilivyochapwa kwenye diski, yaani ile ile iliyoleta zogo. Rudi kwenye skrini kuu ya PS4, weka alama juu ya picha ya gemu, bonyeza kitufe cha Options, kisha chagua kutafuta sasisho. Jiandae kwa mambo mawili. La kwanza, sasisho lenyewe ni makumi ya gigabaiti, na bando la simu litakata roho njiani; peleka mashine kwenye nyumba yenye faiba. La pili ndilo linalowakwaza wengi: PS4 haibandiki sasisho juu ya gemu iliyopo, bali inanakili gemu nzima upya pembeni kwanza. Bila nafasi tupu inayokaribia ukubwa wa gemu yenyewe, itakataa hata kuanza. Na ikianza kunakili, kwa diski ngumu ya zamani iliyomo ndani ya mashine, inaweza kuchukua saa nzima na zaidi. Usizime.

Ukishafika 1.6 kukwama kutapungua, lakini hakutaisha. Sababu yake ndiyo jibu la nusu ya pili ya swali lako, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

PS4 yako ina diski ngumu inayozunguka, yaani hifadhi ya ndani ya mashine, si zile CD zako. Mark Cerny, msanifu wa mashine hiyo, alieleza mwezi Machi 2020 kwamba diski ya PS4 husoma kati ya megabaiti 50 na 100 kwa sekunde, kutegemea data ikae ukingoni au karibu na kitovu. Kwa kulinganisha, PS5 husoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde. Na ile 50 hadi 100 ni pale data inapokuwa imepangwa kwa mstari. Ikiwa imetawanyika, kichwa cha diski kinarukaruka kuitafuta na kasi inaporomoka.

Sasa panda gari lako pale Night City, mji wa kwenye gemu, ukimbize kilomita 100 kwa saa. Hiyo ni mita 28 kila sekunde. Kila sekunde mashine inapaswa kutupa mita 28 za mtaa ulioupita na kuleta mita 28 mpya: kuta, mabango, vioo vya maduka, magari yaliyoegeshwa, watu na nguo zao. Mji huo umejengwa kwa msongamano na kwa kwenda juu, si jangwa lenye mti mmoja kila baada ya kilomita. Diski inapochelewa, gemu ina hila chache tu. Inakuwekea kwanza picha ya ubora wa chini ya sura au ukuta, ya kweli ije baadaye. Huo ndio ukungu wako. Inarudia watu wale wale, ndiyo maana unakuta mapacha watatu kwenye kivuko kimoja. Magari ya mbali inayafanya picha bapa zinazotoweka ukisogea. Zikishindwa hila zote, inasimama ikisubiri, nawe unahisi imekwama.

Juu ya hapo kuna prosesa, ubongo wa mashine: viini 8 vya 1.6 GHz, dhaifu hata kwa viwango vya 2013 mashine ilipotoka. Kumbukumbu ni gigabaiti 8, na sehemu yake inaliwa na mfumo wenyewe. Prosesa ndiyo inayoendesha umati, magari na risasi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ukibadilisha diski ukaweka SSD, yaani hifadhi ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka, ukungu na muda wa kupakia vitapungua sana, lakini vita kubwa sokoni bado itashusha fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Mtu asikuuzie SSD kwa maneno kwamba PS4 itageuka PS5.

Hata hivyo ni badiliko zuri kwa hela ndogo, na unaweza kulifanya mwenyewe. Unahitaji SSD ya SATA (aina ya kiunganishi) ya inchi 2.5, unene usiozidi milimita 9.5. Usilipie ya kasi ya ajabu, maana PS4 ya mwanzo inatumia SATA ya kizazi cha pili na itaibana tu. Nakili kwanza maendeleo yako ya gemu yaliyohifadhiwa kwenye flashi au wingu. Kwenye flashi nyingine iliyofomatiwa FAT32 au exFAT, tengeneza folda PS4, ndani yake folda UPDATE, zote kwa herufi kubwa, uweke faili la mfumo kutoka tovuti ya PlayStation likiitwa PS4UPDATE.PUP. Hapa wengi hukosea: wanachukua lile faili dogo la kusasisha, wakati mashine yenye diski tupu inataka lile kubwa la kusakinisha upya, linalozidi gigabaiti 1. Chomoa umeme, telezesha kile kifuniko cha kung'aa cha upande wa kushoto, fungua skrubu moja yenye alama za vitufe, vuta kitoroli cha diski, badilisha, rudisha. Washa kwa kushikilia kitufe cha umeme sekunde 7 hivi mpaka usikie mlio wa pili, unganisha kidhibiti kwa waya, chagua namba 7. Ukichagua 6 kwa bahati mbaya haitakubali, kwa sababu hakuna mfumo wa kuanzisha.

Turudi kwenye ahadi. Cyberpunk 2077 ilitangazwa Mei 2012. PS4 ilianza kuuzwa Novemba 2013. Yaani gemu iliahidiwa kabla mashine ya kuichezea haijafika dukani, na ikatoka Desemba 2020, baada ya PS5 kuwa tayari sokoni. Mji ulikua mwaka hadi mwaka ukiangaliwa kwenye kompyuta zenye nguvu, na mashine ya 2013 haikukua hata kidogo. Marcin Iwiński, mmoja wa waanzilishi wa CD Projekt, kampuni iliyotengeneza Cyberpunk, alitoa video Januari 2021 akikiri hilo hilo: waliifanya gemu ionekane bora kwenye PC kisha wakaihamishia kwenye mashine za zamani, wakaidharau kazi hiyo, na mfumo wa kuleta mji kutoka kwenye diski ndio uliowashinda. Kwa hili namwelewa. Kisichoeleweka ni kwamba Novemba 2020, wiki chache kabla ya kutoka, bosi wa kampuni Adam Kiciński aliwaambia wawekezaji kuwa gemu inaenda vizuri kwa kiwango cha kushangaza kwenye mashine hizo. Huwezi kuitetea kauli hiyo kwa hoja ya ndoto kubwa, kwa sababu haikuwa ndoto. Ilikuwa maelezo ya kitu kilichokuwa tayari mkononi mwao.

Angalia na tarehe. Gemu ilikuwa itoke 16 Aprili 2020, ikasogezwa 17 Septemba, ikasogezwa 19 Novemba. Tarehe 5 Oktoba studio ikatangaza kwamba toleo la diski limekamilika. Tarehe 27 Oktoba ikaahirisha tena hadi 10 Desemba, ikisema inajaribu matoleo 9 kwa mashine tofauti. Gemu ikikamilika kwa diski halafu ikaahirishwa, maana yake ni moja: kilichomo kwenye diski si kile wanachotaka ukicheze, na wanakimbizana na sasisho la siku ya kwanza. Diski zako mbili zilizaliwa katika wiki hizo. Oda za mapema zilikuwa milioni 8. Kabla wiki mbili hazijaisha tangu itoke, Sony, wenye PlayStation, iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuahidi kurudisha fedha, na haikuirudisha mpaka 21 Juni 2021, tena ikiwa na onyo kwa wenye PS4 za kawaida. Wawekezaji walishtaki Marekani, kesi ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 1.85.

Sasa ile treni. Trela ya mwaka 2018 ilianza na mhusika akiwa ndani ya treni, mji ukipita dirishani. Mwaka huo huo wakaonyesha dakika 48 za uchezaji, na ndani yake mhusika alikuwa akikimbia ukutani. Kukimbia ukutani kulifutwa kabla gemu haijatoka. Treni ya kupanda ikaja baada ya miaka mitano na nusu. Maonyesho kama hayo hujengwaje? Mara nyingi studio inachonga kipande kimoja pekee, mtaa mmoja na misheni moja, kikaonekana kama gemu iliyokamilika, huku mifumo iliyo nyuma yake bado haipo. Mlango unaofunguka kwenye onyesho unafunguka kwa sababu mtu aliupangia ufunguke sekunde ile. Polisi anakukimbiza kwa sababu njia yake imechorwa. Watu wanapoteza miezi kukipamba kipande hicho, kisha sehemu kubwa inatupwa kwa sababu haiingiliani na gemu halisi. Kwa kawaida onyesho lina maandishi madogo kwamba kazi bado inaendelea. Hata la dakika 48 lilikuwa nayo. Yasome maandishi hayo kama ushuhuda.

Kuna ahadi za aina nyingine ambazo mashine hazihusiki nazo kabisa. No Man's Sky ya Hello Games, studio ndogo ya Guildford, Uingereza, ilitoka Agosti 2016 ikiwa na sayari 18,446,744,073,709,551,616. Namba hiyo ni ya kweli: ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 64, yaani idadi ya mbegu, namba za kuanzia hesabu, ambazo fomula yao ingeweza kupokea. Kompyuta haizihifadhi sayari hizo, inazikokotoa ukifika. Lakini mpishi mwenye viungo kumi anaweza kukuambia kwa haki kabisa kwamba michanganyiko yake haihesabiki, na ulimi wako ukachoka kwenye sahani ya ishirini. Idadi ya matokeo haisemi chochote kuhusu idadi ya vionjo, na wachezaji waligundua hilo ndani ya wikiendi moja.

Kibaya zaidi kilikuwa suala la kukutana. Sean Murray, kiongozi wa studio, alikuwa amesema kwenye mahojiano kwamba wachezaji wangeweza kukutana, ila uwezekano ni mdogo mno kwa ukubwa wa anga lile. Siku za kwanza kabisa wachezaji wawili wakapatana, wakafika sayari moja, mahali pamoja, na hawakuonana. Ahadi ilijificha nyuma ya uwezekano mdogo, na bahati ikaifichua. Mamlaka ya matangazo ya Uingereza ilipokea malalamiko, ikachunguza, na Novemba 2016 ikaamua matangazo hayakuvunja kanuni. Hoja ilikuwa kwamba katika gemu inayojitengeneza yenyewe, picha za tangazo zinaonyesha aina ya vitu unavyoweza kukutana navyo, si vile vile utakavyokutana navyo. Wachezaji walichukia, lakini hoja hiyo inakufundisha mpaka wa sheria ulipo, na uko mbali kuliko unavyodhani.

Tofauti yake na Cyberpunk ni muhimu kwako wewe mwenye PS4. Hello Games walinyamaza, wakaanza kutoa masasisho ya bure, na Julai 2018 kwenye sasisho la NEXT wachezaji wakaweza kucheza pamoja kikamilifu, wenye PS4 ya kawaida wakiwemo. Deni lililipwa kwa aliyekopwa. Kwa Cyberpunk, sehemu bora ya malipo ilikwenda kwa watu wenye mashine mpya. Unapoambiwa gemu imetengenezwa, swali lako la kwanza liwe: imetengenezwa kwa nani?

Ndiyo maana, kwa swali lako la mwisho, siangalii kama mtengenezaji ni mwaminifu au si mwaminifu. Naangalia mashine gani na mkono wa nani. Kama wiki mbili kabla ya kutoka hakuna video ya uchezaji inayotamka wazi kwamba imechukuliwa kwenye mashine kama yako, chukulia kwamba hali kwenye mashine yako ni mbaya. Maneno "picha halisi kutoka kwenye injini ya gemu" yasikupumbaze, kwani injini, yaani programu inayochora gemu, inaweza kutoa filamu nzima isiyochezeka hata sekunde moja. Tazama kamera. Kidole gumba cha binadamu kinatetemeka, kinapitiliza, kinarudi. Kamera ikizunguka kwa ulaini wa sinema na kusimama sawia kwenye sura ya anayezungumza, hapo hakuna anayecheza, au anayecheza amefanya mazoezi ya mwezi mzima. Tafuta pia hesabu ya risasi, ramani na uhai vikiwa kwenye skrini.

Kisha wahakiki. Cyberpunk ilipewa wahakiki kwa PC tu kabla ya kutoka, na hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe, walitumia za kampuni. Dalili hizo mbili zilikuwa wazi kwa yeyote aliyeziangalia tarehe 7 Desemba 2020. Zuio la uhakiki likiondolewa saa ile ile gemu inapoanza kuuzwa, subiri siku tatu. Gemu haiozi.

Kuhusu hela, sheria za maduka hazifanani. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inarudisha ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa 2. Oda ya mapema unaweza kuifuta wakati wowote kabla haijatoka. Duka la PlayStation nalo lina siku 14, lakini ukishaanza tu kupakua, haki hiyo kwa kawaida imekwisha. Kwa hiyo zima kupakua kwa kujiendesha kabla ya kununua chochote pale, la sivyo mashine itakupotezea haki yako usiku ukiwa umelala. Diski ya mtumba haina hata hilo, dai uione ikifunguka palepale dukani.

Maduka hayakai kimya daima. The Day Before ilikuwa kati ya gemu zilizosubiriwa zaidi Steam, ikiahidi dunia kubwa ya wazi ya kuponea miongoni mwa maiti hai. Ilitoka 7 Desemba 2023, ikawa ndogo na tofauti kabisa na trela, na tarehe 11 Desemba studio ya Fntastic ikatangaza inafungwa. Wanunuzi walirudishiwa hela bila kujali saa walizocheza. Lakini hilo lilitokea kwa sababu kila kitu kiliporomoka kwa siku 4. Gemu ikiwa mbovu nusu tu, utabaki nayo.

Jambo la mwisho, usiziuze diski zako. Ukipata PS5 yenye sehemu ya diski, au hata ya rafiki, ingiza ile diski ya kuchezea na utaruhusiwa kupakua toleo la PS5 bila kulipa tena, na hilo ndilo lenye 2.0, polisi wapya na treni. Ili usianze upya, fungua Cyberpunk kwenye PS4 ukiwa umeshasasisha hadi 1.6, ingia kwa akaunti ya CD Projekt kwenye ukurasa wa mwanzo, washa uhamishaji wa maendeleo kati ya mashine, kisha cheza kidogo na uhifadhi mchezo. Kwenye PS5 ingia kwa akaunti ile ile na utayakuta maendeleo yako. Diski lazima ibaki ndani kila unapocheza, kwa hiyo ifute alama za vidole kabla ya kuiingiza.